Joginder Singh: Fundi aliyeshinda Safari Rally mara tatu

Ukipita karakana za jua kali pale Ukunda, hukosi kuona pikapu iliyoinuliwa nyuma, magurudumu yametolewa na fundi yuko chini anaongeza lifu. Lifu ni vile vyuma virefu vilivyopinda, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli ya nyuma. Hiyo ndiyo springi inayobeba mawe ya kujengea, nazi na magunia ya mahindi kutoka Kinango. Mwenye gari anataka likae juu na liwe gumu, basi. Kabla hujamwambia fundi akuongezee lifu la tatu, hebu msikie huyu.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, katika familia ya Singasinga. Baba yake alikuwa na gereji, na humo ndimo kijana alimojifunza gari, spana mkononi, muda mrefu kabla hajasikika kwenye mashindano yoyote. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani kuwasaidia madereva waliokwama. Fikiria shule hiyo! Kila siku unaona kilichovunjika kwenye gari la mwenzio, na unajua kimevunjikia wapi na kwa nini.

Alianza mashindano mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa tayari na miaka 26 hivi. Safari Rally ya zamani usiifananishe na hii ya Naivasha unayoitazama kwenye simu. Ilikuwa ya siku kadhaa za Pasaka, maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, usiku na mchana, mara nyingi ikishuka hadi Mombasa. Ng'ombe, malori na mvua ya masika vyote viko njiani. Magari mengi hayakumaliza.

Mwaka wa 1965 Joginder na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544 lililotumika, gari ambalo lilishaonja mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Walipewa nambari 1, maana yake wao ndio wa kwanza kukutana na kila tope kabla mtu mwingine hajalikata. Walimaliza mbele ya wote, tena kwa zaidi ya saa moja na nusu. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeleta magari mapya na mafundi wao, na ndugu wawili wa hapa nyumbani wakawaacha na gari kuukuu. Jina la Singasinga Anayepaa likamganda.

Sasa tufike penye springi. Volvo lile lilikuwa na springi za kujizungusha. Lakini gari alilolitumia 1974, Mitsubishi Lancer 1600 GSR, nyuma lilikuwa na ekseli nzima inayokalia lifu, kama pikapu yako. Kimo chake kidogo, injini ya lita 1.6. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911, gari lenye nguvu kuliko lake. Mvua ilinyesha, barabara zikageuka uji. Porsche likaongoza, halafu suspenseni ikaleta matata na muda ukapotea. Joginder, na David Doig akimsomea njia, akapita na kushinda. Mimi naamini hapo ndipo gereji ya Kericho ilipolipa: dereva aliyewahi kulala chini ya gari hulisikia linapolalamika, na hupunguza mguu kabla chuma hakijakatika.

Hebu ulete jambo hilo kwako. Lifu likiongezwa, gari tupu huwa gumu mno. Kwenye njia kavu yenye migongomigongo, ile ya kuelekea Kikoneni kwa mfano, tairi za nyuma hurukaruka badala ya kushika ardhi, na hapo breki na kona vyote unavibahatisha. Nguvu ambayo springi ingeimeza huenda kwenye chesisi, kwenye bushi, na kwenye mgongo wa abiria aliyekaa nyuma. Ukiweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi ili gari lipande, pembe ya shafti inayopeleka nguvu nyuma inabadilika na viungo vyake vinakwisha haraka. Paipu ya breki nayo inaweza kuvutika hadi ikatike. Na kuna ile tabia ya kuchomelea lifu lililovunjika. Usikubali! Moto wa welding unaharibu ugumu wa chuma pale pale, na kitavunjika tena pembeni ya kiungo, pengine ukiwa na mzigo kwenye mteremko wa Shimba Hills. Sisi wa Pwani tuna chumvi ya bahari pia, inayokula bolti za kufungia springi kimyakimya. Springi ikifunguliwa, weka bolti mpya, kisha uzikaze tena baada ya safari chache. Bei yake si kitu ukilinganisha na ekseli iliyohama ukiwa Msambweni usiku.

Lifu la kuongeza lina mahali pake, sikatai. Gari linalobeba mawe kila siku linalihitaji. La kwenda ufukweni Diani wikendi, la nini?

Joginder alirudi 1976 na Lancer lilelile la aina ya 1974. Akashinda tena akiwa na miaka 44, na Mitsubishi wakachukua nafasi tatu za kwanza: yeye, Robin Ulyate, kisha Andrew Cowan. Rekodi inayonishangaza zaidi lakini si ushindi. Kati ya Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Kwa mashindano yaliyowaacha wengi porini na bonеti wazi, hiyo si bahati.

Aliacha mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.