Blaise Pascal: hakupanda mulima, lakini alipima uzito wa hewa

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1648, watu wachache walikutana ndani ya bustani ya watawa, mujini Clermont, katikati ya Ufaransa. Walikuwa na mabomba ya kioo pamoja na zebaki, ile madini ya majimaji ambayo wachimbaji wa zahabu huku Mashariki ya Congo wanaitumia pia. Aliyewaongoza ni Florin Périer. Mwenye wazo, Blaise Pascal, hakuwapo. Alikuwa Paris, kijana wa miaka 25 mwenye mwili dhaifu.

Pascal alizaliwa palepale Clermont, tarehe 19 Juni 1623. Mama alikufa Blaise angali mutoto mudogo, na baba yake Étienne akamufundisha mwenyewe nyumbani. Baba alipopewa kazi ya kodi mujini Rouen, kijana aliona namna mzee anavyosumbuka na mahesabu, akamutengenezea mashine ya kuhesabu. Hakuwa na miaka 20 alipoanza kazi hiyo.

Mwaka wa 1646 akasikia habari ya Mwitalia Torricelli. Unajaza zebaki katika bomba la kioo lililofungwa upande moja, unaligeuza ndani ya beseni lenye zebaki pia. Zebaki inashuka kidogo, kisha inasimama karibu sentimita 76, na juu yake panabaki nafasi tupu. Nini inaizuia isimwagike yote? Walimu wakubwa wa wakati ule walisema kwamba dunia inachukia utupu, basi. Torricelli aliona vingine: ni hewa ya inje inayofinya zebaki ya beseni.

Pascal alitaka kukata mashauri hayo. Tuchukue magunia ya makala yaliyopangwa ndani ya depo: gunia la chini linabeba yote, lile la juu halibebi kitu. Kama hewa iko na uzito, mutu akipanda mulima anaacha sehemu ya hewa chini yake, na zebaki lazima ishuke. Lakini Paris haina milima. Tarehe 15 Novemba 1647 akaandikia Périer, shemeji yake, bwana ya dada yake Gilberte, amusaidie. Ikapita miezi 10.

Siku ile, bomba moja lilibaki bustanini, mutawa akilichunga toka asubuhi mpaka jioni. Halikubadilika. Wengine walipanda Puy de Dôme, karibu mita 1,000 juu ya bustani. Kule zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8! Wakapima mara 5: ndani ya kanisa dogo, inje, penye upepo, penye ukungu. Ni ileile. Waliporudi chini, zebaki ikapanda tena.

Puy de Dôme ni volkano iliyozimika zamani, na kilele chake kiko mita 1,465. Ziwa Kivu liko karibu na urefu huohuo. Ndiyo kusema mukaaji wa Goma anayenunua sambaza kando ya ziwa anakaa kila siku kwenye hewa ileile nyepesi. Baharini presio ni hektopaskali 1,013, Goma ni karibu 850. Ndiyo sababu maji yanachemka Goma karibu na digrii 95, na maharagwe yanakula makala mingi kuliko Matadi. Hewa hii haituponde kwa kuwa inasukuma pande zote, hata ndani ya mwili.

Pascal alifurahi, akarudilia kazi hiyo kwenye munara mumoja wa Paris. Mufilosofu Descartes naye alidai kwamba wazo lilitoka kwake, ugomvi ambao haukuisha vizuri.

Kutoka 1654 alijitoa zaidi kwa mambo ya dini. Mwaka wake wa mwisho, akiwa mugonjwa sana, alisaidia kuanzisha magari ya farasi ya kubeba watu mujini Paris kwa nauli. Alikufa tarehe 19 Agosti 1662, na miaka 39. Kitabu chake juu ya uzito wa hewa kilikuwa hakijachapishwa. Périer ndiye aliyekitoa, mwaka wa 1663.