Juliette Alvin na mtoto asiyesema

Mzazi mmoja wa Karatu ameuliza: mwanawe mwenye usonji hasemi, lakini akisikia kwaya hutulia. Je, kumwekea redio mchana kutwa ni tiba? Yupo mwanamke aliyehangaika na swali kama hilo karibu maisha yake yote.

Juliette Alvin alizaliwa Ufaransa mwaka 1897. Alisomea selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, na mmoja wa walimu wake alikuwa Pablo Casals, mpigaji aliyesifika duniani. Aliolewa na William Robson, profesa wa London, akafanya maskani yake Uingereza. Angeweza kuishia kwenye majukwaa. Badala yake akawa anawapigia watoto wenye ulemavu, na huko aliona mtoto asiyeitikia jina lake akiigeukia sauti ya selo.

Mwaka 1958 alianzisha chama cha tiba ya muziki, na mwaka 1968 mafunzo ya baada ya shahada katika chuo cha Guildhall, London. Waliopokelewa walikuwa wanamuziki kamili tayari. Kwake hilo halikutosha: ilibidi wasome pia saikolojia na maradhi, wakafanye mazoezi kwa wagonjwa wenyewe. Mmoja wa wahitimu wa mwanzo, Mary Priestley, alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili, akauunganisha muziki na tiba ya mazungumzo.

Kwa watoto wenye usonji, ambao aliwaandikia kitabu mwaka 1978, Alvin hakuwa na haraka. Mtoto alichagua ala mwenyewe na kuipiga apendavyo. Hakuna aliyemwambia amekosea. Wengi wao huona ngoma haitishi kama mtu anavyotisha. Basi mtoto huizoea ngoma kwanza, kisha yule anayemjibu kwa ngoma nyingine. Kwa Wamaasai wa Ngorongoro, wanaoimba bila ngoma, nadhani sauti ya mama ingeanza kazi hiyo vizuri tu.

Alvin alifariki mwaka 1982.

Turudi kwa mzazi wetu. Redio haimjibu mtoto, na ikilia kutwa inaweza kumchosha. Kaa naye dakika chache, apige sufuria, nawe umjibu kwa mapigo yake. Akiziba masikio, acha. Kama ana kifafa, dawa ziendelee kama daktari alivyoagiza. Anayeishi Endulen hawezi kwenda Mirembe, Dodoma, kila wiki. Aanzie hospitali ya karibu, aulize mhudumu wa afya ya akili anakuja siku gani. Na akitokea mtu anayejitangaza kutibu kwa muziki, muulize amesomea wapi mambo ya akili za watoto, kabla hujamuuliza anapiga ala gani.