Mwafrika aliyewapanulia Warumi mipaka

Kila ninapofundisha habari za dola zilizokuwepo kabla ya Uislamu, wanafunzi wangu hulitaja jeshi la Warumi kana kwamba kila askari wake alizaliwa Roma. Hapo huwasimulia maisha ya Lusius Quietus.

Huyu alikuwa Mmauri, mtu wa Afrika ya Kaskazini, pande ambazo leo ni Morocco na Algeria. Ni Waberber hao hao ambao baadaye walimtoa Tariq bin Ziyad, aliyevuka kwenda Andalusia mwaka 711. Lusius yeye aliuawa takriban miaka 500 kabla ya Hijra.

Ieleweke kwamba karibu nusu ya jeshi lile hawakuwa raia wa Roma. Walikuwa askari wasaidizi, wengi wakitoka katika makabila yaliyokwisha kutawaliwa: wapanda farasi, wapiga mishale, warusha mawe kwa kombeo. Mtu alitumikia miaka 25 ndipo apewe uraia. Na mara nyingi ndio waliotangulizwa. Huko Uingereza, karibu mwaka 83, Gavana Agricola aliwapambanisha wasaidizi na wenyeji wa kaskazini, huku vikosi vya raia vikisubiri nyuma. Hesabu ilikuwa wazi: ushindi upatikane bila kumwaga damu ya Mrumi.

Lusius aliongoza wapanda farasi wa Kimauri, mabingwa wasiohitaji tandiko wala lijamu. Awali alifukuzwa jeshini kwa tuhuma za mwenendo mbaya. Lakini Kaisari Trajan alipoingia vitani na Dacia, Romania ya leo, aliwahitaji Wamauri, na Lusius akajitokeza mwenyewe. Akang'ara. Katika vita vya Parthia, kati ya mwaka 114 na 117, aliurejesha mji wa Nisibis mikononi mwa Warumi, akauteka na kuuchoma Edessa, ambao leo ni Urfa huko Uturuki, kisha akawaua Wayahudi wengi wa Mesopotamia walioasi. Hapa simsafishi hata kidogo. Waliochomewa nyumba zao hawakuwa na haja ya kujua aliyewasha moto katoka bara gani.

Malipo yake yalikuwa makubwa: ukonsuli na ugavana wa Palestina. Wakubwa wa Roma wakamwonea kijicho.

Trajan akafa mwaka 117. Hadrian, aliyemrithi, alimnyang'anya Lusius wapanda farasi wake, na mwaka 118 Lusius akauawa pamoja na vigogo wengine watatu kwa madai ya njama. Hadrian alikana kutoa amri, lawama akaitupia Seneti. Kwao Mauretania kukazuka ghasia.

Na ardhi ya Mesopotamia aliyoipigania? Hadrian alikwisha kuiachia. Wapanda farasi wa Kimauri wangalipo hadi leo, wamechongwa kwenye nguzo ya Trajan mjini Roma, na misokoto ya nywele zao inaonekana wazi. Jina lililoandikwa pale ni la Trajan.