Mboya wa Rusinga na utaifa wa kila siku

Tunapowafundisha wanafunzi habari za utaifa, huwaelekeza kwenye bendera, wimbo wa taifa na sikukuu za Madaraka na Jamhuri. Yale madogo huachwa kando: lugha anayomwamkia mtu jirani yake, kabila analojihesabia, mgombea anayempigia kura. Nadhani maisha ya Thomas Joseph Mboya yanafunza mengi zaidi kuliko gwaride.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara. Kwao asili ni kisiwa cha Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Hapa yafaa tutue kidogo. Wenyeji wa Rusinga ni Abasuba, na lugha ya wahenga wao ilikuwa ya Kibantu. Baadaye wakaingia katika Kijaluo, na Kisuba kikabaki na nguvu zaidi kisiwani Mfangano. Kule Migori watu wa Suna walipitia njia iyo hiyo, ilhali jirani zao Wakuria wameshika lugha yao hadi leo. Mabadiliko hayo hayakuletwa na sheria ya bunge lolote. Yaliletwa na ndoa, biashara na ujirani. Anayedai kwamba kabila ni kitu kisichogeuka na avuke ziwa aende akaulize.

Kijana huyo alikua akizungumza Kiswahili, Kikamba na Kikuyu pamoja na Kijaluo. Alipokuwa bwana afya katika baraza la jiji la Nairobi, mwanamke mmoja Mzungu aliingia maabarani na sampuli ya maziwa, akamwona, kisha akauliza kama hamkuwa na mtu. Mboya alimwuliza iwapo macho yake yalikuwa na kasoro. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1963. Kabla ya mikutano ya Lancaster House, utaifa ulikuwa ni kukataa kutoonekana kazini.

Mengine yanajulikana: uongozi wa vyama vya wafanyakazi tangu 1953, ushindi wa kiti cha Nairobi mwaka 1957, uenyekiti wa mkutano wa Waafrika mjini Accra mwaka 1958, na ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mnamo Septemba 1959. Lakini lipimwe hasa lile la 1961. Katika uchaguzi wa Nairobi, penye wapiga kura wengi Wakikuyu, Mboya alimshinda vibaya Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Wapiga kura wale hawakuwa wamesoma nadharia yoyote ya utaifa.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katika barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Siku chache baadaye, katika ibada ya wafu Nairobi, msafara wa Rais Kenyatta ulirushiwa mawe. Oktoba watu waliuawa kwa risasi Kisumu, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Msiba wa nchi ulikuwa umekwisha kugeuka msiba wa kabila. Mtu aliyechaguliwa na Wakikuyu wa Nairobi akaliliwa kama mwana wa Wajaluo peke yao, akazikwa Rusinga, kisiwa ambacho mababu zake hawakukijua Kijaluo.