Maisha ya Daktari Maria Montessori

Kila muhula, walimu wanapokutana katika chumba chao wakati wa mapumziko, hapakosi mmoja wa kulalamika kuwa darasa fulani halisikii. Amepiga meza, amepaza sauti mpaka koo limemkauka, amewasimamisha watukutu ukutani, na alipogeuka kuandika ubaoni kelele zikarudi vilevile. Wazazi nao huleta malalamiko ya namna hiyo kutoka nyumbani. Kwa sababu hiyo nimeona vema katika toleo hili kuwaletea wasomaji wetu habari za mwanamke mmoja aliyetumia maisha yake kutafuta kisa cha mtoto kutotulia, na kisa cha kutulia kwake.

Jina lake limeandikwa katika vibao vya shule nyingi za watoto wadogo nchini Tanzania. Wengi hudhani Montessori ni jina la mji au la shirika. Tena wengi hudhani ni elimu ya watoto wa matajiri, maana katika miji mikubwa shule nyingi za jina hilo zina karo nzito. Msomaji ataona hapa chini kwamba mambo yalianza kinyume cha hayo.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa kushika sana desturi za zamani. Mama yake, Renilde, alipenda vitabu, naye alimtia moyo binti yake tangu utoto. Mwaka 1875 familia ilihamia Roma. Maria alisoma katika shule ya ufundi, mahali ambapo wasichana walikuwa adimu, akitaka kuwa mhandisi. Baadaye akageuza nia na kutaka udaktari. Baba hakupendezwa hata kidogo, lakini binti hakurudi nyuma. Katika chuo kikuu haikuonekana adabu mwanamke kupasua maiti pamoja na wanaume, kwa hiyo alilazimika kufanya kazi hiyo peke yake jioni, wenzake wakiisha ondoka. Alihitimu mwaka 1896. Vitabu vingine husema ndiye mwanamke wa kwanza kuwa daktari katika Italia. Sivyo, wapo waliomtangulia, ila walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili za Roma. Siku zile watoto waliozaliwa na upungufu wa akili walifungiwa humo pamoja na wazimu. Husimuliwa kwamba katika nyumba moja mlezi alimlalamikia jinsi watoto wale walivyo wachafu, kwamba wakiisha kula hujitupa sakafuni kuokota makombo. Daktari akatazama chumba. Hakikuwa na kitu chochote: si kijiti, si mpira, si kipande cha nguo. Akafahamu kuwa watoto hawakutaka kula makombo yale. Walitaka kitu cha kushika.

Akaanza kusoma maandiko ya madaktari wawili Wafaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, waliojaribu kuwafundisha watoto wa namna hiyo kwa njia ya kugusa, kuona na kusikia. Mwaka 1900 ilifunguliwa shule huko Roma ya kufundisha watoto wenye upungufu wa akili pamoja na walimu wao, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Baadhi ya watoto aliowafundisha walijua kusoma na kuandika, wakafanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu wakamsifu sana. Yeye akajiuliza swali jingine kabisa: ikiwa watoto hawa wameweza kuwafikia wale wenye akili timamu, je, wale wenye akili timamu wanafanywa nini katika shule zao hata wafikiwe?

Kuna jambo la maisha yake ambalo waandishi wengi wa zamani walilificha. Mkuu mwenzake wa shule ile, Daktari Giuseppe Montesano, alizaa naye mtoto wa kiume tarehe 31 Machi 1898, wala hawakuoana. Katika Italia ya siku zile jambo kama hilo lingemfukuzisha kazi. Mtoto, aliyeitwa Mario, akapelekwa kulelewa na watu wengine shambani, na mama akawa anakwenda kumtazama tu. Alimchukua akaishi naye Mario alipokuwa kijana wa umri wa kidato cha kwanza au cha pili. Mwanamke aliyefundisha ulimwengu kuwatazama watoto kwa makini hakupata kumtazama wake akikua. Mwaka 1901 aliiacha shule ile, akarudi chuoni kusoma upya.

Sasa twende San Lorenzo. Huu ulikuwa mtaa wa makabwela katika Roma, wenye majumba ambayo hayakumalizwa kujengwa. Kampuni moja ilitengeneza majumba hayo na kupangisha familia za vibarua. Asubuhi baba na mama walikwenda kazini, watoto wasiofikia umri wa shule wakabaki peke yao, wakipanda na kushuka ngazi na kuchafua kuta. Wenye majumba wakaona ni nafuu kuwaweka watoto hao katika chumba kimoja na kumlipa mtu awatazame. Daktari Montessori akaombwa kusimamia. Basi tarehe 6 Januari 1907 chumba kikafunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto.

Mwalimu wa Songea mwenye darasa lililojaa pomoni na asikilize hesabu hii. Watoto walikuwa kama 50, wa umri wa miaka 2 mpaka 6 hivi, chumba kimoja, mlezi mmoja. Mlezi huyo hakuwa mwalimu wa kusomea. Watoto walikuja wakilia, wengine wakiogopa watu, wengine wakigombana. Daktari alimpa mlezi vifaa vya mbao alivyovitumia kwa watoto wa kwanza, akamwonyesha matumizi yake, akamkataza kuingilia mno. Kisha naye akawa anakuja, anakaa, anatazama.

Siku moja alimwona msichana wa miaka 3 hivi akicheza na gogo lenye matundu, ambamo vipande vya mbao vya duara, vinene na vyembamba, huingizwa kila kimoja katika tundu lake. Msichana alivitoa vyote, akavichanganya, akavirudisha, akaanza tena. Daktari akaanza kuhesabu. Akawaambia watoto wengine waimbe na kutembea kumzunguka. Msichana hakuinua macho. Akakinyanyua kiti pamoja na msichana aliyekikalia, akamweka juu ya meza. Mtoto alilikumbatia gogo lake na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara 40. Kisha akaacha mwenyewe, akatazama pande zote kwa furaha kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Naomba wasomaji wakae kidogo juu ya habari hii, maana ndiyo kiini cha maisha yote ya bibi huyu. Sisi walimu twapenda kusema kuwa mtoto hana usikivu. Hapa palikuwa na mtoto wa miaka 3, wa kabwela, ambaye hata wimbo wa watoto wenzake haukuweza kumtoa katika kazi yake. Usikivu alikuwa nao. Kilichokosekana ni kazi ya kuushika usikivu huo, kazi ya kiasi chake, iliyo mikononi mwake na si midomoni mwa mwalimu.

Mambo mengine yakafuata, na mengi aliyaona kwa bahati. Siku moja mlezi alikuta kabati halikufungwa, na watoto wameisha chukua kila mmoja kifaa alichokitaka na kukaa kazini. Mlezi akaona ni wizi. Daktari akaona kuwa wamejua kuchagua, akaagiza makabati mafupi yaliyo wazi. Siku nyingine mtoto mmoja aliyekosa alikuwa ameketishwa peke yake, na mwenzake aliyepewa nishani ya tabia njema akipita huku na huko na kazi zake. Nishani ikamwanguka. Yule wa adhabu akaiokota, akamwuliza kama aivae yeye; mwenye nishani akamjibu avae tu, akaendelea na shughuli zake bila kuangalia nyuma. Tuzo haikumhangaisha, alikuwa na kazi.

Habari ya kupenga kamasi huniingia moyoni kuliko zote. Daktari aliona watoto wakikemewa kila siku kwa sababu ya pua zao, akakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kupenga. Akawafundisha somo hilo kwa utaratibu, jinsi ya kukunja leso na kupenga bila kelele. Watoto hawakucheka. Walipiga makofi kama watu walioona tamasha. Ni mambo mangapi tunayowakemea wanafunzi wa kidato cha kwanza, namna ya kuandika dondoo, namna ya kuomba ruhusa, ambayo hatukuwafundisha hata siku moja?

Isidhaniwe kuwa aliwaacha watoto wafanye wapendavyo. Aliyemsumbua mwenzake au kufanya ukorofi alizuiwa mara moja. Mtoto aliyezidi kuwasumbua wengine hakupigwa. Aliwekewa meza yake pembeni na kiti kizuri, akapewa vitu avipendavyo, mahali ambapo anawaona wenzake wakifanya kazi. Mwalimu alimjia kwa upole kama ajiavyo mgonjwa. Baada ya muda mtoto mwenyewe alitamani kurudi kati ya wenzake. Hapa kwetu Kanuni za mwaka 2002 zilimpa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mamlaka ya kumpiga mwanafunzi viboko visivyozidi vinne, na kuandika habari hiyo katika kitabu. Najua wazazi wengi huona hata vinne ni vichache. Nami nilikuwa na mawazo hayo mwanzoni mwa kazi yangu.

Kilichonigeuza ni mvua. Mvua ya Songea ikipiga mabati mwezi wa Machi, mwalimu mwenye sauti ya radi hasikiki hata kwenye dawati la mbele. Siku moja ya namna hiyo nilikuwa na somo la mbegu. Sikuweza kusema neno, nikampa kila mwanafunzi maharage mawili yaliyolowekwa usiku kucha, nikaandika ubaoni: yapasueni, mtazame ndani, mchore mnachoona. Mvua ilipokatika nilishtuka kusikia jinsi chumba kilivyo kimya. Hakuna aliyekuwa ameambiwa anyamaze. Nakiri kwamba wiki iliyofuata nilijaribu tena kwa somo jingine nisilolitayarisha vizuri, na makelele yakawa kama ya sokoni.

Mwaka huohuo wa 1907 watoto wa San Lorenzo, waliokuwa wakipitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, walianza kuandika, wengine wakiwa na miaka 4 tu. Mtoto mmoja aliyechora bomba la moshi kwa chaki alijikuta akiandika neno lake, akaita watu waje waone. Habari zikaenea Ulaya na Marekani. Mwaka 1909 Daktari alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya njia yake, kikafasiriwa kwa lugha nyingi, na baadaye akaacha kabisa kazi ya udaktari.

Miaka ya baadaye nitaipita upesi. Alisafiri sana, akakaa muda mrefu Barcelona. Mussolini alipotawala Italia alizisaidia shule zake tangu mwaka 1924, naye akaupokea msaada huo, jambo ambalo mimi naona lilikuwa kosa. Dikteta alitaka watoto wenye utii wa askari. Wakakosana, na shule zake katika Italia zikafungwa. Mwaka 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilimtoa Hispania, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 69, alikwenda India pamoja na Mario kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimweka Mario kizuizini kama adui, wakamwachia mama yake alipotimiza miaka 70. Walibaki huko mpaka mwaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya elfu moja.

Afrika hakuifanyia kazi, ingawa aliitamani. Tarehe 6 Mei 1952 alikuwa katika bustani ya marafiki huko Noordwijk, pwani ya Uholanzi, akizungumza na Mario juu ya safari ya kwenda Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, kufundisha walimu. Mario alimwambia kuwa afya yake haifai tena kwa safari ndefu. Haukupita muda mrefu akafariki, akiwa na miaka 81.

Baadaye watawa wa Kikatoliki walianzisha vyuo vya kufundisha walimu kwa njia yake katika Tanzania, kimojawapo huko Mtwara na kingine Msimbazi, Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alizikwa palepale Noordwijk, kwa kuwa aliagiza azikwe mahali popote atakapofia.