Lumumba: kutoka karte mpaka kura

Mtu wa Kasha akishuka mujini, mara nyingi anapita kwenye avenue Patrice Emery Lumumba. Jina tunalijua wote. Ila wengi hawajui kama huyu waziri mkuu wetu wa kwanza alikataliwa karte.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, Sankuru. Akiwa kijana alifika Stanleyville, Kisangani ya leo, akawa karani wa posta. Ile wakati Mkongomani hakuwa raia kamili katika inchi yake. Tangu 1952 Wabeleji walitoa karte ya imatrikulasyo, ya kumusogeza mtu mweusi karibu na haki za muzungu. Kuipata haikuwa mchezo. Wakubwa walifika mpaka nyumbani, wanaangalia ginsi watu wanakula na ginsi wanaishi. Lumumba aliomba, wakamukatalia. Akarudilia, akaipata 1954. Katika inchi nzima, wenye kuipata walikuwa wachache sana.

Na hata hiyo karte haikumupa mtu uwezo wa kuchagua serkali. Uchaguzi wa mitaa ulianza 1957 katika miji mitatu. Bukavu yetu ilifikiwa 1958. Mwaka huo Lumumba na wenzake waliunda chama cha MNC. Alifungwa mwezi wa 11, 1959. Januari 1960 wakamufungua aende Bruxelles, kwenye mkutano uliotoa tarehe ya uhuru.

Mwezi wa tano 1960, kura ikapigwa. Hakuna tena aliyeulizwa anakula na nini: kila mwanaume Mkongomani mwenye miaka 21 alichagua. MNC ya Lumumba ilitangulia, viti 33 juu ya 137.

Lakini wamama walibaki inje. Hata Pauline Opango, bibi ya Lumumba, hakuwa na haki katika kura ile iliyomupandisha bwana yake. Lumumba aliuawa kule Katanga tarehe 17 Januari 1961. Wamama walingojea mpaka 1967.

Leo karte ya mchaguzi njo tunatumia pia kama kitambulisho. Mwenye kuipoteza akikimbia vita anapoteza vyote viwili. Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru, watu hawakuandikishwa kwao juu ya vita, na kura haikupigwa kule. Tuchunge karte zetu, na tuulize pia juu ya wale hawana.