Maisha ya Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo

Augustino alizaliwa mwaka wa 354 katika Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye kudumu katika sala. Alipokuwa mtoto aliugua sana, akaomba abatizwe, na matayarisho yakaanza. Lakini alipopata nafuu ubatizo ukaahirishwa, kwa kuwa wengi siku zile walidhani ni afadhali mtu apitishe ujana wake kwanza, ndipo aoshwe dhambi zake. Basi akakaa bila ubatizo hata umri wa miaka 32.

Akaenda kusoma Carthage, akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno. Huko alikaa na mwanamke pasipo ndoa, wakapata mtoto wa kiume, jina lake Adeodatus. Tena kwa muda wa miaka tisa hivi aliwafuata Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza hupigana ndani ya mtu, na kwamba mtu atendapo dhambi, mtendaji si yeye hasa, bali ni lile giza. Fundisho hilo lilimpendeza, maana lilimwondolea lawama. Walakini asiyekiri ugonjwa wake hamtafuti tabibu.

Mwaka wa 383 akasafiri kwenda Roma, na mwaka uliofuata akapata kazi ya ualimu Milan. Askofu wa mji huo alikuwa Ambrosio. Augustino alikwenda kumsikiliza kwa ajili ya uzuri wa usemi wake tu, lakini pamoja na maneno, kweli nayo ikamwingia moyoni. Mashaka yake yakaondoka kidogo kidogo, hata akajua kwamba imani ya Kanisa ndiyo ya kweli.

Hapo ndipo taabu yake kubwa ilipoanza. Alijua, lakini hakuweza kutii. Tangu ujana wake alimwomba Mungu usafi wa moyo, huku akiogopa kupewa upesi. Aliazimu kuziacha desturi zake mbaya, nazo zikamshika kama minyororo. Mwaka wa 386 alikuwa bustanini pamoja na rafiki yake Alypius. Akajitenga, akaanguka chini ya mtini akilia. Ndipo aliposikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikimwimbia kwamba atwae na kusoma. Akarudi, akafunua Waraka kwa Warumi, akakuta mahali Mtume Paulo anapowaonya watu waache ulevi na uasherati, na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hakuendelea kusoma. Kile alichoshindwa kukipata kwa nguvu zake, alikipokea kama zawadi.

Usiku wa Pasaka, mwaka wa 387, Ambrosio akambatiza, pamoja na Adeodatus na Alypius. Monika akaona jibu la machozi yake ya miaka mingi, naye akafariki mwaka ule ule huko Ostia.

Augustino akarudi Afrika. Mwaka wa 391 watu wa Hippo walimshika kanisani, wakamtaka awe kasisi wao. Baadaye akawa askofu wao kwa zaidi ya miaka 30. Siku zile Pelagius, mtu wa Uingereza, alifundisha kwamba mwanadamu aweza kuzishika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe. Augustino alimpinga, kwa kuwa aliikumbuka ile bustani. Alifundisha kwamba neema ya Mungu hututangulia; hata kutaka kutubu ni kazi yake ndani yetu. Matendo mema ni matunda ya wokovu, wala si bei yake. Twaupokea kwa imani na toba na ubatizo, kama mwenye njaa apokeavyo chakula kwa mikono mitupu.

Mwaka wa 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Augustino alikuwa mgonjwa kitandani. Hakuagiza kusomewa vitabu vyake vingi, wala hakuhesabu miaka ya utumishi wake. Aliamuru Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani, akazisoma akilia, hata akafa tarehe 28 Agosti. Hakuandika wasia, maana hakuwa na mali ya kurithisha.

Ninyi walimu, mnaowafundisha wengine njia ya wokovu, angalieni: Augustino naye aliijua njia kabla hajaifuata. Nanyi mnaongoja hata mpate kustahili ndipo mje, jueni kwamba yeye hakustahili siku ile ya bustani, wala hakujiona amestahili siku ya kufa kwake. Alipokea tu. Katika jubilei hii, tumwombe Mungu atupe sisi nasi moyo wa kupokea, wala tusiahirishe tena.